Harufu ya Mvua Ndani ya Samaki

Juzi niliunguza wali wa watu. Tunaishi wengi kwenye chumba kimoja hapa Al Qusais, Dubai, na zamu ya jikoni ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesimama palepale, mwiko mkononi, sufuria mbele yangu, mawazo yamekwenda nyumbani. Jirani wa chumba cha pili, Mganda mmoja anayefanya kazi hotelini, akaja mbio na taulo kiunoni, sabuni bado masikioni.

"Mzee! Unachoma nyumba?"

"Nachoma nini?"

"Wee, kwani husikii? Ukoko umefika mpaka kwa lifti!"

Nilipofunua, moshi ulinipiga usoni na macho yakaanza kutoa machozi. Macho yalijua. Pua haikujua kitu. Wenzangu wakacheka, wakanipa jina la Fundi Mkaa, nami nikacheka nao, maana mtu mzima akilia juu ya sufuria ya wali atasemwa ameanza kuzeeka vibaya.

Niseme mapema, usije ukanitafuta katikati ya maneno. Mimi nilikuwa na pua. Si hii ya kuwekea miwani, nasema pua ya kazi, iliyonitoa getini ikanipa koti jeupe. Ilikufa mchana mmoja kwenye shamba la samaki nje ya mji huu, na walioiua nawajua. Majina yao niliambiwa nisiyataje. Kazi zao hakuna aliyenikataza, kwa hiyo nazitaja: meneja wa shamba, madam wa masoko, na arbab mwenye mali. Daktari aliniambia pua huenda ikarudi. Angeniambia imekwisha ningelia, nikanyamaza. Lakini alisema huenda, na hiyo huenda ndiyo ninayotembea nayo kila asubuhi, nikinusa sabuni, nikinusa chai, nikinusa kwapa langu mwenyewe kama mwendawazimu.

Shule niliiacha darasa la sita, kule kwetu magharibi mwa Kenya, mahali ambapo bahari tuliijua kwa picha ya kalenda. Dubai nilikuja kuwa askari. Kwanza nilisimama kwenye duka kubwa la Al Barsha, kazi yangu kuwaambia watoto wa watu wasikimbie. Halafu kampuni iliyotuleta ikanihamisha kwenda kulinda geti la shamba la samaki. Nilidhani ni utani. Basi la wafanyakazi lilipita maghala ya mwisho, likapita nguzo za umeme, likatuacha mchangani. Mchanga mbele, mchanga nyuma, na katikati jengo refu la bati jeupe lisilo na dirisha. Nikamuuliza dereva, "Bahari iko wapi?" Akanionyesha jengo.

Ndani ilikuwa kweli bahari, ila ya kutengenezwa. Matanki meusi ya duara, makubwa kama nyumba, maji yanazunguka usiku na mchana. Chumvi ilikuja kwa magunia. Maji yalikuwa yaleyale: yanatoka kwenye tanki na uchafu wa samaki, yanapita kwenye chujio, yanapita kwa vijidudu vinavyokula sumu ya mkojo wao, yanatiwa oksijeni, yanarudi. Kama mtu anayefua shati moja kila siku na kulivaa. Samaki wenyewe walikuwa chewa, ambao hapa wanawaita hamour, midomo mikubwa, macho ya kudharau.

Mtu aliyenieleza yote haya alikuwa Mpemba. Sote tulimwita hivyo, kwa kabila lake, naye hakujali. Umri wetu ulikuwa mmoja. Alikuwa mkuu wa zamu ya matanki, na alikuwa na shangazi aliyeolewa hapa zamani, mwenye nyumba kule Rashidiya, ambako yeye alikwenda kula kila Ijumaa na kurudi akinuka karafuu. Yeye alikulia majini kabisa, baba yake akizamia kwa pumzi zake mwenyewe, na samaki hawa aliwadharau.

"Samaki hajaijua bahari, huyo samaki gani?" aliniambia siku ya kwanza. "Huyo kuku wa majini. Weye mtu wa bara utampenda, n'najua nyie na kuku."

"Na wewe Mpemba, si uwaroge wakue haraka tuende nyumbani?"

"Nianze na weye basi, mbona umekonda hivyo?"

Utani wetu ulianzia hapo.

Pua yangu iligunduliwa kwa bahati. Siku moja sisi wa getini tuliletewa sahani ya chewa wa mvuke, mabaki ya ofisini. Nilipofunua nikashtuka. Mpemba alikuwa amesimama karibu, akaniuliza nina nini.

"Hii samaki iko na mvua ndani," nikasema.

"Samaki *huyu*. Mvua gani?"

"Mvua ya kwanza. Ile ikianguka kwa vumbi. Kwani wewe husikii?"

Hakunicheka. Alichukua kipande, akakinusa, akaenda nacho ndani. Baadaye akarudi akasema meneja ananiita.

Kumbe shamba zima lilikuwa linateseka na jambo hilo. Maji yanayozunguka humo humo huzaa vijidudu vingine vinavyompa samaki harufu ya udongo. Haimdhuru mlaji, lakini hoteli ikipokea samaki wa udongo inamrudisha, na ikirudisha mara mbili haipigi simu tena. Kwa hiyo kabla ya kuuzwa samaki huhamishwa kwenye tanki la maji safi, hanyimwi kitu ila chakula, mpaka udongo umtoke. Na nani atajua umetoka? Maabara walichukua muda kujibu. Njia ya kila siku ni mtu: unamchukua mmoja, unampika kwa mvuke bila chumvi wala ndimu, unafunika, unafunua, unanusa. Meneja alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, hanusi vizuri. Alikuwa mtu wa mbali, mrefu, mwenye kusema "my friend" kwa kila mtu, na siku ile nilimpenda, sitasema uongo. Alinifunika macho, akaniwekea sahani, nikamwambia hii, hii, hii hapana. Akapiga makofi. Nikavuliwa sare ya askari.

Hapo ndipo nilipopata kazi ya ajabu kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Harufu ile, kwetu, ni mwezi wa tatu. Ni jua limekaa hadi ng'ombe wamechoka, halafu matone mazito yanaanguka kwenye vumbi la uwanja, na kabla hata watoto hawajapiga kelele, harufu inaingia nyumbani, na mama yangu anainuka kutafuta jembe. Hakuna mtu wa kwetu asiyeijua. Hapa Dubai mvua yenyewe ni habari ya gazeti. Basi mimi, kila asubuhi, nilifunua sahani na kuingiza pua, na nililipwa kutafuta kwetu ndani ya samaki, na nikikupata huko kwetu, niseme kumeharibika.

Siku nyingine nilikaa juu ya sahani kuliko inavyotakiwa. Mpemba aliniona.

"Umeshafika kwenu? Haya rudi, samaki anapoa."

Yeye ndiye aliyenipa maneno. Mimi nilikuwa na pua, maneno sikuwa nayo. Kwetu kitu kinanuka au hakinuki. Mpemba alikuwa na jina la kila kitu. Shombo ni mkono uliomshika samaki. Vumba ni chombo ulichomwekea. Uvundo ni maji yaliyokaa kwenye ndoo. Nilikuwa namletea harufu naye ananipa jina lake, kama mtu anayepeleka watoto kuandikishwa. Tulicheza hivyo miezi mingi, kutoka tanki hadi tanki, na nafikiri sijawahi kufurahi hivyo nikiwa kazini. Nayakumbuka maneno yote, na hayana tena kitu cha kuyajaza.

Sasa niseme siku yenyewe.

Mwisho wa jengo palikuwa na shimo la tope. Uchafu wote wa chujio, mavi ya samaki na chakula walichokiacha, uliingia humo na pampu ndogo iliusukuma nje. Halikuwa shimo refu, ukisimama ndani linakufika kifuani, na ngazi fupi ya chuma. Lilitakiwa kusafishwa mara kwa mara, maana tope la maji ya chumvi likikaa linaoza na kutoa gesi inayonuka mayai viza. Hilo tulilijua wote. Juu yake palikuwa na feni ya kuvuta hewa, na ofisini kwa meneja palining'inia kipimo cha gesi, kifaa cha kubana kwenye ukosi. Kipimo kilikuwa kimekufa. Kila tukimuuliza alisema kingine kinakuja, inshallah. Neno la Kiarabu alilojifunza ni hilo na *yalla*, yaani haraka.

Wiki ile shimo halikusafishwa, kwa sababu arbab alikuwa analeta wageni. Watu wakubwa, wa kutia fedha zao. Kusafisha kunaleta harufu jengo zima, na arbab alikuwa amesema kwa simu, mimi nikiwa nimesimama pale na sahani yangu, kwamba hataki kusikia neno *tope* mpaka wageni waondoke.

Asubuhi ya wageni niliingia nikasikia mayai. Kwa mbali, kama mtu aliyepita na kapu. Nikaenda ofisini.

"Sir, shimo linanuka."

"My friend, leo ni siku ya samaki, si siku ya shimo. Kesho."

"Linanuka zaidi ya jana, sir."

"Ndiyo maana madam ameleta dawa."

Dawa ya madam ilikuwa udi. Madam wa masoko alikuwa mwanamke mkarimu, mwenye sauti tamu, na ndiye aliyetupa chai ya maziwa siku za sikukuu. Hayo namwachia Mungu amwekee kwenye mizani yake. Alikuja na kisanduku cha udi wa bei kali na wazo kwamba wageni waingie bahari inayonukia. Alichokosa ni chetezo. Mpemba, kwa kupenda kusaidia, akasema kwa shangazi yake Rashidiya kipo, akatumwa na gari kukichukua. Chetezo kizuri cha udongo, kimechorwa chokaa, kilichofukiza harusi za nyumba ile zote.

Basi Mpemba akatembea nacho kati ya matanki, makaa yanawaka, moshi mzito mtamu unapanda. Ulikuwa unapanda na kutoka, feni inauvuta. Madam akasema, "Moshi haukai." Meneja akasema, "Zima feni." Nilikuwepo. Si maneno niliyoambiwa na mtu. *Zima feni*, akasema, na mkono wake mwenyewe ndio uliokwenda kwenye swichi.

"Ewe," Mpemba akaninong'oneza, "huu udi wa kufukizia bi harusi, leo nafukizia mavi ya samaki. Shangazi akijua ataniozesha punda."

Nilicheka. Udi uliingia puani ukajaa, na mayai yakatoweka chini yake. Walionunua udi hawakuondoa kitu. Walikifunika, kama kufunika maiti kwa shuka safi ukawaalika watu kula.

Wageni walikuja, nguo nyeupe, viatu vya kung'aa. Walisifu. Walikula chewa niliyempitisha mimi, na mmoja akasema ni mtamu kuliko wa baharini. Arbab alinishika bega mbele yao akasema, "Huyu ndiye mashine yetu." Na mimi, mjinga, nilisimama wima.

Walipoondoka tu, kengele ya shimo ikalia. Pampu imeziba, tope linapanda, na likipanda hadi chujio, mzunguko wote unasimama, na chewa kwa msongamano ule hawachelewi kufa. Meneja akaja mbio, tai imelegea.

"Yalla, yalla! Fungueni!"

Nilikuwa karibu kuliko wote. Nikafunua kifuniko cha chuma. Harufu ilinipiga kama kofi la mtu anayekuchukia. Mayai, mayai elfu, nikarudi nyuma hatua. Halafu nikasogea tena, na haikuwepo. Nikavuta pumzi kuhakikisha. Hakuna. Hata udi haukuwepo. Hewa ilikuwa tupu, safi kama maji ya kunywa.

Meneja alikuwa amesimama mbali, kitambaa mdomoni. Akauliza kwa sauti, "Bado linanuka?"

Kipimo chake kilikuwa kimekufa ukutani, kwa hiyo alikiuliza kipimo kingine, chenye mke na watoto.

"Hapana, sir. Imeisha."

Nesi wa hospitalini ndiye aliyenieleza baadaye. Gesi ile ikiwa kidogo unainusa. Ikiwa nyingi inaiua pua kwanza, halafu inakufuata wewe. Mtu anayesema imeisha ndiye aliye katikati yake. Meneja alisomea mambo hayo, aliyajua; cheti chake kilikuwa kwenye fremu. Mimi nilijua nilichonusa, na sikunusa kitu, na nikasema ukweli.

"Basi shuka uizibue," akasema.

Nilishuka ngazi mbili, nafikiri. Nakumbuka kuona buti zangu zikiingia kwenye tope. Nakumbuka kufikiri, kumbe ni jepesi. Basi.

Mengine nimeambiwa. Mpemba alikuwa anamwaga makaa ya chetezo mlangoni aliposikia buti likigonga chuma. Alitupa kila kitu akakimbia. Mwingine angeruka ndani akalala juu yangu, ndivyo watu wanavyokufa wawili wawili, watatu watatu, kwenye mashimo kama yale. Yeye alifanya walivyomfundisha utotoni kwao: alijaza kifua nje, akafunga pumzi, akalala kifudifudi ukingoni akanishika ukosi. Alinivuta kwa pumzi moja, na ilipomwishia aliniachia kichwa kikiwa juu ya ukingo, akakimbia mlangoni kuvuta nyingine, akarudi. Akanikokota hadi mchangani juani. Wenzetu wa zamu wanasema wakati wote huo meneja alikuwa kwenye ubao wa umeme, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Oksijeni ya matanki iko sawa?"

Ilikuwa sawa. Chewa hakufa hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma nikiwa nimelala macho juu. Wangekufa, ningesema tulipoteza wote.

Hospitalini nilizinduka kichwa kinapasuka, Mpemba yuko pembeni, shati lake limekauka tope. Nikamwambia, "Umenuka nini leo, mbona sikusikii?"

Akanitazama. Akaleta kiganja karibu na uso wangu. Akakipeleka kwapani akakirudisha.

"Wallahi usinitanie, bwana wee."

"Sitanii."

Akatoka nje.

Chetezo kilivunjika pale alipokitupa. Shangazi yake hakukiulizia. Aliniletea uji wa pilipili manga wodini, mama mnene mwenye buibui, akaketi akasema, "Mwanangu, walikosa chetezo cha dirham kumi wakatafuta changu? Udi si maji, hauoshi kitu." Tangu siku hiyo nyumba yake kule Rashidiya haijafukizwa, Mpemba ananiambia, hata kwenye aqiqa ya kuzaliwa mjukuu wake.

Nilipotoka, arbab alinitumia kapu la matunda na salamu kwamba khalas, yamekwisha, kila jambo ni la Mungu. Sikatai ni la Mungu. Ila Mungu hakuzima feni.

Nilirudi kazini. Meneja aliniita chumba cha kuonjea. Alikuwa ameandaa sahani mbili zilizofunikwa, moja ya tanki la maji safi, nyingine ya tanki la kawaida.

"My friend," akasema, "tuone mashine yetu."

Mpemba alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Nikafunua ya kwanza. Mvuke ukanigusa mashavu, wa moto, mtupu. Nikafunua ya pili. Vilevile, kama kunusa ukuta. Nikainua macho, nikamwona Mpemba anakuna ndevu kwa mkono wa kushoto. Kushoto. Akanitolea macho. Sahani ya kushoto ndiyo yenye udongo. Ananipa jibu, na angeweza kunipa kila siku, kwa miaka, tungeishi hivyo, yeye anuse, mimi niseme. Kitu kidogo tu. Ningenyoosha kidole.

Nikamtazama meneja, kitambaa chake mfukoni, kimekunjwa vizuri. Nilitaka asikie kwa masikio yake.

"Sir, sinusi kitu. Pua uliiua."

Akabadilika rangi. Akasema pole nyingi. Mpemba nyuma yake akafumba macho.

"Mpumbavu," aliniambia nje. "Mpumbavu wee! Nimekwambia kushoto!"

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Basi umemfanya nini yeye? Umemkata? Umemng'ata? Ataenda kula chakula chake cha mchana!"

Alikuwa na haki. Watu husema ukweli una faida yake. Mimi wangu ulinipeleka stoo kubeba magunia ya chumvi, na mkataba ulipokwisha haukurudiwa. Leo ni askari tena, kwenye ghala la matairi, na wenzangu wanasema ghala lile linanuka vibaya sana, na mimi ndiye ninayekaa ndani bila taabu. Faida ndiyo hiyo. Najuta kidole changu. Ningekinyoosha tu, kushoto.

Kazi ya pua alipewa Mpemba. Aliitiwa ofisini wiki ileile, naye akaikubali. Hakunificha, alikuja chumbani kwangu akaketi kitandani, akasema, "Wamenipa mie." Nikamwambia hongera. Akasema, "Sema jengine." Zipo siku namchukia, namwona ndani ya koti langu jeupe akifunua sahani yangu, na kisha nakumbuka ni nani aliyenishika ukosi, nakosa pa kuiweka chuki ile. Kila Ijumaa ananipigia. Akija anakuja na chewa kwenye chombo, anafunua mbele yangu, ananusa yeye kwanza, ananiambia. Leo vumba kidogo. Leo safi. Hanitanii tena kuhusu kuku. Ningependa anitanie.

Daktari alisema huenda. Mimi nikajipangia yangu: kama kuna harufu moja duniani inayoweza kuiamsha pua hii, ni ile. Udi hautaweza, wala karafuu, wala petroli. Ile niliyozaliwa nayo. Kwa hiyo likizo yangu niliiomba iwe mwezi wa tatu.

Mke wangu hakujua. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia niliumwa kidogo na gesi ya kazini, nikapona. Nilifika nyumbani kiangazi kikiwa bado, vumbi jekundu hadi kwenye majani ya ndizi. Alinichinjia kuku. Nilikula nikasifu, nikimtazama usoni nijue kama nimesifu mahali panapofaa. Siku zilipita, mawingu yanakuja na kuondoka. Kila alasiri nilikuwa nakaa mlangoni kwenye kigoda.

"Huyu Dubai imemfundisha kukaa," alimwambia jirani. "Alikuwa hakai huyu."

Ikaja siku kabla ya jioni. Upepo ulianza, ukainua vumbi, mabati yakagonga. Kuku wakaingia chini ya ghala. Halafu tone, la kwanza, lilianguka uwanjani na kutoboa vumbi, shimo dogo lenye ukingo. Jingine. Nikainuka. Watoto wa jirani wakapiga kelele. Mke wangu, ndani, akasema kwa furaha, si kwangu, kwa nafsi yake tu, "Aaah, imenukia hiyo!" na nikamsikia anasogeza vitu nyuma ya mlango, anatafuta jembe.

Nikatoka nikasimama katikati ya uwanja. Nikafunga mdomo. Nikavuta kwa pua, polepole, mpaka kifua kikajaa, kama Mpemba ukingoni. Nikaachia. Nikavuta tena. Matone yakawa mazito, yakanipiga kichwani, shati likagandamana mgongoni, na vumbi lote likageuka tope miguuni pangu, na nikainama, nikachota lile tope kwa kiganja nikalileta usoni.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, jembe mkononi, ananitazama.

"Baba, ingia ndani, unaloa!"

"Nangoja kidogo."

"Unangoja nini? Mvua si imekuja?"